Vituo Vichache, Maswali Mengi: Kuwapeleka Watoto Iringa

Familia nyingi za Dar es Salaam na Morogoro zinaijua barabara ya Mbeya kwa harusi, misiba na likizo za kwenda kumsalimia bibi. Gari linakata Mikumi, linapanda Kitonga, linapita chini ya mji wa Iringa, na safari inaendelea. Watoto wanazinduka Makambako. Wakiwa usingizini wamepita Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 jeshi la Wahehe lililishinda jeshi la Wajerumani. Wamepita pia njia ya kwenda Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limehifadhiwa, na njia panda ya Isimila, korongo lenye zana za mawe za watu wa kale sana. Hakuna aliyewaambia.

Likizo ya Juni inafaa kulisahihisha jambo hili. Mvua zimekwisha, barabara ni kavu, na Iringa ina baridi ya kumfanya mtoto wa Pwani atambue kwamba nchi yake ina sura nyingi. Ushauri wangu kwa mzazi, mlezi, mjomba au shangazi anayepanga safari ya namna hii ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: punguza vituo, ongeza maswali. Mtoto anafaidi mahali pa historia anapofika akiwa na jambo analotaka kulijua, kisha akaachiwa muda wa kulitafuta. Ukimkimbiza sehemu saba kwa siku mbili, atakumbuka soda na kiti cha nyuma.

Panga siku kwa kadiri ya miguu ya mdogo kuliko wote

Kwa familia inayotoka Dar es Salaam, tenga usiku tatu. Siku ya kwanza ni ya barabara, maana ni kilomita zipatazo 500 na hakuna sababu ya kuzikimbiza. Siku ya pili asubuhi iwe ya Isimila, na jioni mpande jiwe la Gangilonga kuutazama mji. Siku ya tatu asubuhi nendeni Kalenga, na mchana Makumbusho ya Boma yaliyo mjini, katika jengo lililojengwa enzi za utawala wa Wajerumani. Siku ya nne mnarudi.

Utashawishika kuongeza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa kuwa mko karibu. Ruaha iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na inastahili safari yake yenyewe. Ukiibana katikati ya ratiba hii, utazipunja Isimila na Kalenga, na Ruaha nayo hutaiona vizuri. Vivyo hivyo Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa, iko mbali na mji kwa upande huo huo. Iachie familia yenye vijana wa sekondari ambao tayari wanaijua hadithi na wanataka kuifuata hadi mwisho.

Kipimo cha ratiba ni yule mdogo kuliko wote anayetembea mwenyewe. Kama anachoka baada ya saa mbili, kila kituo kiwe cha saa mbili, kisha chakula, kisha usingizi wa mchana. Wakubwa hawatapoteza kitu. Muda ambao mdogo amelala ndio wa kukaa nao na kuzungumza juu ya walichokiona.

Anzeni nyumbani, wiki moja kabla

Maandalizi yenye faida kubwa hayana gharama. Tafuteni kamba ndefu, rula na vipande vya karatasi. Kila sentimita moja ya kamba iwe miaka 100. Mwanzo wa kamba ni leo. Uhuru wa mwaka 1961 unaangukia kidogo tu kupita nusu sentimita. Kifo cha Mkwawa mwaka 1898 kinakuja baada ya sentimita moja na ushee. Safari ya Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331 iko karibu sentimita saba. Sasa waulize: Isimila itakuwa wapi? Watafiti waliopima umri wa mifupa ya huko kwa kutumia madini ya urani walipata makadirio ya miaka 260,000 hivi. Kwa kipimo chetu hiyo ni mita 26. Itabidi kamba itoke mlangoni, ikatize uani na kuingia barabarani. Mtoto aliyetembea hatua hizo mwenyewe hatahitaji kuelezwa tena maana ya neno “kale”.

Baada ya hapo, simulieni habari za Mkwawa kwa vipande, kila jioni kipande kimoja. Anzeni na baba yake, Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Wahehe chini ya utawala mmoja. Endeleeni na Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, ambapo kikosi cha Emil von Zelewski kilivamiwa njiani na Zelewski mwenyewe akauawa. Kisha kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894 baada ya kupigwa mizinga, na miaka karibu minne ya Mkwawa kupigana msituni huku watu wake wakimficha na kumlisha. Ukiwa na mzee katika ukoo anayezijua habari hizi, mpigie simu, umweke kwenye spika, watoto wamsikilize. Sauti ya babu ina uzito ambao kitabu hakina.

Mwisho, mgawie kila mtoto kazi. Mmoja awe mshika ramani, atangaze kila mji mnaoukaribia. Mwingine awe mwandishi, mwenye daftari la maswali. Wa tatu awe mpiga picha, kwa masharti kwamba kila picha aiandikie sentensi moja. Hata wa miaka mitano anaweza kuwa mhesabu mibuyu. Wafundisheni pia kusema “Kamwene”, salamu itakayowafungulia nyuso za watu kote Uheheni, na muwakumbushe kwamba shikamoo kwa wakubwa haipumziki wakati wa likizo.

Barabarani: nusu ya elimu iko dirishani

Ondokeni alfajiri, mfike kabla ya giza. Malori ya barabara hii ni mengi, na usiku si wakati wa kubeba watoto. Kama mnatumia gari lenu, kagueni matairi, breki na spea siku mbili kabla, ili fundi apate muda akigundua tatizo. Watoto wakae nyuma na wafunge mikanda, na mdogo awe kwenye kiti chake, hata kama analia kwa dakika kumi za mwanzo. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Heshimuni kibao hata pale ambapo hakuna trafiki mwenye tochi, kwa kuwa watoto wa vijiji hivyo nao wanavuka barabara kwenda shule.

Jambo la kuchimba dawa lipangwe mapema. Baada ya Doma mnaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na barabara inakatiza ndani yake kwa kilomita 50 hivi. Humo hairuhusiwi kushuka ovyo, na ni hatari. Kwa hiyo kila mtu amalize haja zake Morogoro au Doma, hata anayesema hana haja. Ndani ya hifadhi mwendo hauzidi 70. Mwambieni mtoto anayejua kusoma awasomee vibao vya faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa, kisha mjadili kwa nini serikali imeweka bei hizo. Twiga, tembo, pundamilia na swala huonekana mara nyingi mkiwa barabarani tu, bila kulipa kiingilio. Nyani wasitupiwe chakula. Nyani aliyezoea ndizi za wasafiri huishia kugongwa.

Mbele ya mji wa Mikumi barabara inaufuata Mto Ruaha Mkuu na kuingia bonde la mibuyu. Hapa mhesabu mibuyu aanze kazi. Muulizeni: kwa nini mibuyu imejaa hapa, na tukipanda mlimani inatoweka? Msimpe jibu. Mkishamaliza kona za Kitonga atasikia hewa imebadilika, ataona mashamba ya mahindi na miti mingine, na ataanza kubahatisha kuhusu joto, mvua na kimo cha ardhi. Hiyo ndiyo jiografia.

Kitonga ina kona kali na watoto wengi hutapika. Wale kidogo tu kabla ya kupanda. Muwe na mifuko, maji, kitambaa na tangawizi, na anayesumbuliwa akae mahali pa kutazama mbele. Simu zizimwe kwa muda huo, kwa kuwa kutazama skrini kwenye kona huongeza kichefuchefu. Dereva asijaribu kulipita lori kwenye mpando. Mtafika tu.

Isimila: mahali pa kugusa kwa macho

Isimila iko kilomita zipatazo 20 kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya kwenda Mbeya. Fikeni asubuhi. Jua la saa sita ndani ya korongo halina huruma na vivuli ni vichache. Vaeni viatu vya kufunika vidole na kofia, na kila mtu abebe maji yake. Kama mvua imenyesha karibuni, muulizeni mwongozaji hali ya njia kabla ya kushuka.

Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ina zana za mawe: mashoka ya mkono yaliyochongwa pande zote mbili, visu vya mawe na vikwaruzo. Zamani hapa palikuwa na maji, na wanyama walikuja kunywa. Ilipatikana hata mifupa ya kiboko wa jamii ambayo haiko tena duniani. Mahali hapa palijulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafuata mwishoni mwa muongo huo. Hapa mwandishi wenu afungue daftari. Maswali mazuri ni yale yanayohitaji mkono: Ungelishikaje shoka lisilo na mpini? Ungekata nini nalo? Kwa nini mengine ni makubwa na mazito mno? Mwongozaji akiulizwa na mtoto, husimulia tofauti kabisa na anavyosimulia kundi lililokaa kimya. Mpeni nafasi, na msimkatishe ili kupiga picha.

Hapa pia ndipo pa kufundisha uaminifu. Jiwe moja dogo linaingia mfukoni kwa urahisi, na mtoto ataona mawe yako mengi. Mwelezeni kabla ya kushuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi. Mwelezeni pia sababu, ambayo ni nzito kuliko sheria. Mtafiti hujifunza kutokana na mahali jiwe lilipolala, kina chake na majirani zake. Likiondolewa linabaki jiwe, na habari yake imekufa. Mtoto akilielewa hili, mwenyewe atakuwa mlinzi wa korongo.

Sehemu ya pili ni nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kupita nyumba. Watoto watataka kuzipanda. Wakatazeni, kwa usalama wao na wa nguzo. Wapeni kazi badala yake: kila mmoja achague nguzo moja, aichore kwa dakika kumi, aandike mistari ya rangi anayoiona kutoka chini hadi juu. Kila mstari ni udongo ulioletwa kwa wakati wake. Mkae. Watoto wadogo wacheze na mchanga wa korongo. Babu au bibi asiyeweza kushuka abaki kwenye jengo la maonyesho pale juu, na wajukuu wapande kumweleza walichokiona. Kumweleza babu ni mtihani mzuri kuliko wowote wa darasani.

Kalenga: sema ukweli kwa kipimo cha umri

Kalenga ni kijiji chenye watu wanaoishi maisha yao, na baadhi yao ni ndugu wa yule mnayekuja kusikia habari zake. Vaeni kwa heshima, salimieni, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ya kitu chochote ndani ya makumbusho. Fuvu lililo kwenye kioo ni sehemu ya mwili wa marehemu. Watoto waambiwe mapema kwamba hapo sauti inashushwa na mzaha unabaki nje.

Wazazi wengi huniuliza kama mtoto mdogo aonyeshwe fuvu. Jibu langu hutegemea umri na hali ya mtoto. Chini ya miaka saba hakuna ulazima. Atosheke na mikuki, ngao na hadithi ya mfalme aliyekataa kutawaliwa, huku mmoja wenu akibaki naye nje. Wa miaka minane hadi kumi na miwili aulizwe kama anataka kuingia, na akisema hataki, asichekwe. Aelezwe kwa maneno machache yaliyonyooka: Mkwawa alijiua mwaka 1898 alipokaribia kukamatwa, Wajerumani wakakata kichwa chake, kikapelekwa Ujerumani. Msitafute maneno ya kuremba. Mtoto anahimili ukweli mfupi unaosemwa na mtu anayempenda. Kama nyumbani kuna msiba wa karibuni, hasa wa kujiua, mweleze mwongozaji pembeni ili achague maneno, au acheni sehemu hiyo kwa mwaka mwingine.

Kwa vijana wa sekondari, Kalenga ina swali kubwa zaidi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Lilirudi mwaka 1954. Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akachagua fuvu miongoni mwa mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na kwa kuangalia tundu la risasi. Akamkabidhi mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Wako wanahistoria waliohoji kama fuvu lililochaguliwa ndilo lenyewe. Waulizeni vijana wenu: Tunajuaje? Ushahidi gani ungewatosha? Kwa nini mkataba wa kumaliza vita vikuu ulitaja kichwa cha mtu mmoja wa Uhehe? Na je, mafuvu mengine yaliyokuwa kwenye kabati zile yalikuwa ya nani, na ndugu zao wako wapi? Kijana akirudi nyumbani na maswali haya, safari imelipa gharama yake.

Mkirudi Dar es Salaam, simameni Lugalo. Karibu na barabara kuu upo mnara wa kumbukumbu ya Wajerumani walioanguka pale. Swali moja linatosha: Nani hujenga minara, na waliokufa upande wa pili wanakumbukwa kwa njia gani? Baada ya Kalenga, watoto wenu watakuwa na la kujibu.

Fedha, vitambulisho na malazi

Viingilio vya vituo vya mambo ya kale kwa raia ni vidogo ukilinganisha na hifadhi za wanyama. Gharama kubwa ni usafiri, malazi na chakula. Bebeni vitambulisho vya taifa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa bei ya raia na bei ya mtoto huenda na uthibitisho. Malipo ya serikali mara nyingi hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu au benki, kwa hiyo wekeni salio mapema na simu iwe na chaji. Muwe pia na fedha taslimu kwa chakula na kwa asante ya mwongozaji aliyewahudumia vizuri.

Msio na gari, pandeni basi la mchana hadi Iringa na mkodi teksi ya nusu siku kwa kila kituo. Kubalianeni bei pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kuondoka. Familia mbili zikigawana gari, gharama inapungua na watoto wanapata wenzao. Malazi yawe safi na yenye mablanketi ya kutosha na maji ya moto. Juni asubuhi Iringa ni baridi kweli, na mtoto aliyelala akitetemeka hasikilizi habari za Mkwawa. Masweta, soksi na mafuta ya kupaka yasisahaulike. Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko, maana kigari chake hakitafua dafu korongoni. Kwenye jiwe la Gangilonga washikeni mkono wadogo, epukeni kingo, na mteremke kabla giza halijaingia.

Zawadi ni rahisi kuchagua: vikapu vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Iringa, na nyanya na vitunguu vya Ilula njiani. Mtoto anunue mwenyewe, aulize kikapu kilichukua siku ngapi. Akijua kazi iliyomo, hatamlalia bei msusi.

Kama Iringa ni mbali

Njia hii inafaa popote. Kaole, karibu na Bagamoyo, waulize watoto kwa nini baadhi ya makaburi yana nguzo. Kolo, Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, waulize mchoraji alitaka nani aone. Mapango ya Amboni, Tanga, waulize maji yalitoboaje jiwe. Mombasa, kwenye Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593, waulize waliojenga kuta zile walimwogopa nani. Kituo kimoja cha karibu kilichoandaliwa vizuri kinamfaa mtoto zaidi kuliko mikoa mitatu iliyopitwa mbio.

Mkirudi, wapeni watoto siku mbili za kupumzika, kisha jioni moja waalikeni majirani au ndugu. Kila mtoto asimulie jambo moja, aonyeshe mchoro wake, na asome swali ambalo halikupata jibu. Maswali yaliyobaki yabandikeni ukutani. Mwalimu wa historia shuleni atayafurahia, na huenda yakawachagulia safari ijayo.

Wiki hii keti na watoto, fungueni kalenda, chagueni tarehe za Juni, na kila mmoja apewe kazi yake. Kamba ya miaka 260,000 inaweza kuanza kupimwa leo jioni.